AMRI HAIANGUKI CHINI: Jinsi Majeshi Yanavyokabidhiana Uongozi

 

Mwaka huu mhariri alinipa kazi ya kueleza jambo moja ambalo wengi wetu huliona kwenye taarifa ya habari, kisha tukacheka tu. Utaona mkuu wa jeshi anayestaafu amepandishwa juu ya gari, naye dereva hana kazi, kwa maana maafisa wenye nyota mabegani wamefunga kamba na wanalivuta wenyewe. Bendi inapiga, huku mzee anapunga mkono. Siku moja tulipokuwa tukitazama, jamaa mmoja wa Kidato cha Pili akauliza, "Kwani gari limeisha mafuta?" Sote tuliangua kicheko. Lakini swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Kwa nini watu wazima, tena wenye silaha, wafanye mambo haya yote ili tu mtu mmoja aondoke na mwingine aingie?

Jibu lake ni refu kidogo. Tuanze na bendera.

BENDERA YA KIKOSI

Zamani vita vilikuwa vya karibu. Moshi wa baruti ulitanda, farasi walilia, na askari hakuweza kumwona wala kumsikia kamanda wake. Alichoweza kuona ni bendera iliyoinuliwa juu ya mti mrefu. Ilipo bendera, ndipo walipo wenzake. Ikisonga mbele, anasonga, na ikianguka, kikosi kimevunjika. Ndiyo maana bendera ya kikosi haikuwa kitambaa tu, bali ilikuwa amri yenyewe.

Warumi hawakubeba kitambaa bali sanamu ya tai juu ya mti. Mnamo mwaka wa 9 baada ya Kristo walipigwa vibaya katika msitu wa Teutoburg, nchi ya Ujerumani ya leo, wakapoteza tai tatu. Walizitafuta miaka na miaka, na ya mwisho haikurudi mpaka mwaka wa 41. Karibu na sisi, huko Afrika Kusini, Wazulu waliwashinda Waingereza pale Isandlwana tarehe 22 Januari 1879. Maafisa wawili, Melvill na Coghill, walikufa kando ya mto wakijaribu kuiokoa bendera ya kikosi chao, nayo ikaja kuokotwa majini baadaye. Miaka miwili tu baada ya hapo, katika vita vya Laing's Nek mwaka wa 1881, Waingereza walibeba bendera zao vitani kwa mara ya mwisho. Bunduki zilikuwa zimekuwa kali mno, na mshika bendera alikuwa shabaha rahisi.

Bendera ikatoka vitani ikahamia uwanjani, kwenye gwaride. Hapa Kenya tunaiona kila tarehe 12 Desemba, Siku ya Jamhuri, pale kikosi kinapoipitisha bendera yake mbele ya Rais ambaye ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Asili ya mwendo ule wa polepole ni kuwaonyesha askari bendera yao ilivyo, ili siku ya vumbi na moshi wasije wakaipotea.

MAKABIDHIANO YENYEWE

Sasa tufike kwenye kubadilisha kamanda. Kila jeshi lina namna yake, lakini Wamarekani wanaionyesha maana waziwazi kabisa. Kikosi kizima kinasimama mguu sawa. Sajini meja, ambaye ndiye mtunzaji wa bendera, anaitoa na kumpa kamanda anayeondoka. Huyu hampi yule anayeingia moja kwa moja. Anamrudishia mkubwa wao wote wawili, yule aliyempa madaraka. Mkubwa ndiye anayemkabidhi kamanda mpya, na kamanda mpya anairudisha mikononi mwa sajini meja.

Tazama vizuri, msomaji. Kuna mambo matatu hapo. Kwanza, madaraka si mali ya mtu hata amrithishe rafiki yake, bali yanarudi kwa aliyeyatoa. Pili, hakuna hata nukta moja ambapo bendera haina mshikaji. Tatu, askari wote wanaona kwa macho yao. Kesho hakuna atakayesema, "Mimi sikujua nimtii nani."

Mabaharia nao wana neno lao. Anayeingia husema wazi kwamba anapokea zamu, na anayeondoka hujibu wazi kwamba ameachilia. Kabla ya maneno hayo, meli ikigonga mwamba lawama ni ya yule wa kwanza. Baada yake ni ya huyu wa pili. Mpaka ni sentensi moja tu!

Halafu kuna sehemu ambayo haionyeshwi kwenye televisheni, nayo ndiyo yenye uzito. Kabla ya gwaride, watu wawili hawa huketi mezani wakahesabu askari, bunduki, risasi, magari, funguo za ghala na fedha. Wanatia sahihi. Ukishatia sahihi, bunduki ikipotea usimtafute aliyestaafu, maana wewe ndiye wa kuulizwa.

Na lile gari la kuvutwa kwa kamba? Ni desturi iliyoenea katika majeshi yaliyorithi mila za Waingereza. Maana yake ni heshima: mzee aliyetuongoza haondoki peke yake kama mtu aliyefukuzwa, bali walio chini yake wanamsindikiza kwa nguvu za mikono yao mpaka langoni. Langoni hapo kamba zinaachwa, naye anakwenda nyumbani akiwa raia. Basi, mwenzetu wa Kidato cha Pili, mafuta yamo!

NYUMBANI KENYA

Jeshi letu lilitokana na King's African Rifles, kikosi cha wakoloni kilichoundwa mwaka wa 1902. Tulipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, batalioni ya 3, ya 5 na ya 11 zikawa Kenya Rifles. Jina lilibadilika usiku mmoja, lakini amri haikubadilika haraka hivyo, maana maafisa wengi wakubwa walibaki kuwa Waingereza.

Jambo hili halikuwafurahisha askari. Mwezi wa Januari 1964 moto uliwaka Afrika Mashariki nzima. Tarehe 20 askari wa Tanganyika katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maafisa wao Waingereza. Muda si muda, maasi yakazuka Jinja kule Uganda na Lanet karibu na Nakuru. Madai yao yalikuwa mishahara, na kwamba Waafrika wapewe uongozi. Mwalimu Nyerere alilivunja jeshi lile, na mwezi wa Septemba mwaka uo huo likaanzishwa jipya, Jeshi la Wananchi. Kwetu Kenya, ilipofika Desemba 1966, Brigedia Hardy alimkabidhi Brigedia Joseph Ndolo uongozi wa Jeshi la Nchi Kavu, naye akawa Mwafrika wa kwanza kulishika.

Baadaye nchi ilionja tena ladha ya amri isiyokabidhiwa. Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya askari wa Jeshi la Anga walijaribu kuipindua serikali. Walishindwa, na damu ikamwagika. Miongoni mwa waliozima jaribio lile alikuwa Mahamoud Mohamed, mtu wa kaskazini kama sisi, ambaye mwaka wa 1986 aliteuliwa kuwa mkuu wa majeshi yote mpaka 1996. Aliyempokea, Jenerali Daudi Tonje, aliacha kanuni zilizoitwa kwa jina lake, zilizoweka muda wa mkuu kukaa kitini na umri wa kuondoka. Tangu hapo watu wakaanza kupokezana bila kelele: Kibwana mwaka wa 2000, Kianga 2005, Karangi 2011, Mwathethe 2015, Kibochi 2020, Ogolla 2023.

Mwaka wa 2024 desturi ilijaribiwa. Tarehe 18 Aprili Jenerali Francis Ogolla alifariki katika ajali ya helikopta huko Elgeyo Marakwet pamoja na wenzake tisa. Hakukuwa na mtu wa kumwaga wala wa kuvuta kamba. Lakini je, jeshi lilikosa mkuu likavurugika? La. Naibu wake, Charles Kahariri, aliteuliwa, akapandishwa cheo kuwa Jenerali na kuapishwa mwezi wa Mei. Mtu alikufa, kiti hakikufa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mbwembwe zote za gwaride ni mazoezi ya siku mbaya.

NA SISI WA WASO JE?

Labda mtu atasema, "Hayo ni ya wazungu na watu wa Nairobi." Taratibu, ndugu yangu!

Waborana walikuwa na makabidhiano yao kabla ya mkoloni hajavuka Ewaso Nyiro. Katika Gada, uongozi hukaa miaka 8 tu. Miaka hiyo ikitimia, Abba Gada anakabidhi balli, yaani unyoya wa mbuni, kwa yule wa rika linalofuata. Unyoya! Kitu chepesi ambacho upepo unaweza kukichukua, lakini nyuma yake kuna sheria, mifugo, visima na vita. Kabla ya kufika huko rika hupitia daraja ya raaba, ambayo ndiyo ya wapiganaji, kwa hiyo anayepokea balli amekwisha kujua ukali wa mkuki. Na anayeondoka hatupwi, bali anakuwa yuuba, mzee wa kushauri. Kwa kuwa marika yanayozunguka ni matano, miaka 40 hupita kati ya baba na rika la mwanawe.

Sherehe hii haifanyiki hapa Merti. Hufanyika ng'ambo ya mpaka, eneo la Arero kusini mwa Ethiopia. Mwaka wa 2017 Guyo Gobba alimkabidhi Kura Jarso, na mwezi wa Machi 2025 Kura Jarso akamkabidhi Guyo Boru. Mwaka wa 2016 UNESCO iliiandika Gada katika orodha ya urithi wa wanadamu. Wenzetu wa pwani nao wana siwa, baragumu kubwa la fahari, ile ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu, zilizokuwa alama ya utawala. Kila watu na alama yao, ila shabaha ni moja.

Lakini nisiwafiche jambo zito. Jina la jeshi hapa kwetu halileti picha ya bendi na gwaride tu. Wazee wa Merti wakitaja daaba, sauti hushuka. Ni wakati wa vita vya shifta, 1963 hadi 1967, ambapo watu walikusanywa katika vijiji vyenye ulinzi hapa Merti, Garba Tulla na Modogashe, wakazuiwa kuhama na mifugo. Ngamia na ng'ombe waliisha, na watu waliokuwa matajiri wakawa maskini. Babu yangu hunieleza hivi: "Askari alibadilishwa, afisa alibadilishwa, lakini ukiuliza nani ameamuru, hakuna jina."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Gwaride la makabidhiano si la kuwafurahisha maafisa. Ni la kumwezesha raia kujua jina. Kuanzia saa hii, mwenye amri ni huyu, na likitendeka jema au baya, ndiye wa kujibu. Katiba ya mwaka wa 2010 imekaza kamba zaidi: majeshi yako chini ya mamlaka ya kiraia, na hayawezi kupelekwa kutuliza ghasia sehemu yoyote ya Kenya bila idhini ya Bunge la Taifa. Kwa mtu wa Nairobi hiyo ni ibara tu ya kukariri. Kwa mtu wa Merti ni kinga.

TUJIFUNZE NINI?

Wasomaji wangu, jeshi liko mbali, lakini makabidhiano tunayo kila siku. Kuna kamati ya kisima cha mashine, ambamo mwenyekiti wa zamani huondoka na daftari la dizeli, na mpya akaanza na deni asilolijua. Kuna viranja wetu, ambao baadhi yao hukabidhi beji lakini si funguo za stoo. Na kuna chama chetu hiki cha Kiswahili, ambacho muhula ujao kitachagua viongozi wapya.

Mimi napendekeza, kwa idhini ya mwalimu mlezi, tufanye hivi. Mwenyekiti na mwekahazina wanaoondoka waketi na wapya, wahesabu kamusi, diwani na tamthilia zetu moja baada ya nyingine, pamoja na fedha za jarida hili. Watie sahihi. Kisha paredi ya Ijumaa, mbele ya shule nzima, daftari la chama litoke kwa wa zamani, lipitie kwa mwalimu, limfikie mpya. Wa zamani tuwapigie makofi mpaka waketi, na tuwaite tena tukiwa na shida, kama yuuba. Mkitaka kuwavuta kwa mkokoteni wa punda wa kuchotea maji, kamba nitatafuta mimi!

Wahenga walisema cheo ni dhamana. Dhamana hurudishwa, tena hurudishwa mchana, watu wakiona.