Mashine ya Kusaga na Masikio ya Msagaji

Vikundi vingi vina mashine ya kusaga unga, na tunamshukuru Mungu. Lakini tumezoea kuangalia mkanda na dizeli tu; masikio ya msagaji tunayasahau.

Kupima ni rahisi. Simama na mwenzako, umbali wa mkono mmoja. Ikibidi mpige kelele ndipo msikizane, basi sauti hiyo inadhuru. Ndani ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo, ndizo hupokea sauti. Kelele ya kila siku huziua polepole, bila maumivu, na zikifa hazioti tena. Masikio yakilia "nziii" jioni, hilo ni onyo.

Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele ya zaidi ya desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku.

Sasa tufanye nini?

1. Tununue vifunika masikio. Pamba haitoshi.
2. Wasagaji wawili wapokezane.
3. Tukaze nati zilizolegea, na bomba la moshi litoke nje.
4. Watoto wangojee unga nje.

Faida ya mashine tunagawana sote. Hasara tusimwachie mmoja.