Remmy Ongala na Wimbo wa Soksi

Huku kwetu Tarime na Serengeti mpiga litungu hangoji mtu amtungie maneno. Anatunga mwenyewe, anapiga mwenyewe, anaimba mwenyewe. Akitaka kumsifu mtu anamsifu. Akitaka kumsema anamsema, hata awe mzee mwenye ng'ombe wengi. Leo tunaeleza habari za mtunzi wa namna hiyo, ila yeye alipiga gitaa la umeme.

Remmy Ongala alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, Kongo. Watu wa Kindu nao husema Kiswahili. Alizaliwa na meno mawili ya mbele! Mama yake alikuwa amefiwa na watoto, kwa hiyo mganga alisema mtoto huyu asinyolewe. Ndiyo asili ya zile nywele ndefu, na ndiyo sababu aliitwa Dokta.

Mwaka 1978 alikuja Dar es Salaam kupiga muziki katika bendi ya mjomba wake, Orchestra Makassy. Baadaye akaingia Matimila. Je, bendi ni ya nani? Wengi hudhani ni ya mwimbaji. La! Siku zile magitaa na ngoma vilikuwa mali ya tajiri, na mwenye vyombo ndiye aliyekuwa na bendi. Labda ndiyo maana Remmy aliwajua wanyonge vizuri. Aliimba juu yao, na juu ya kifo ambacho hakichagui tajiri wala maskini. Mwaka 1988 alikwenda kuimba Ulaya, na mwaka 1989 santuri yake ikatolewa Uingereza.

Lakini wimbo uliozua maneno ni Mambo kwa Soksi. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walijulikana mwaka 1983, mkoani Kagera. Kagera na sisi tumetenganishwa na ziwa tu. Kule watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa cha magendo kutoka Uganda. Ulisemwa kwa kunong'ona. Na kutaja kondomu mbele ya watu, je? Aibu tupu, bwana.

Remmy hakunong'ona. Kondomu aliiita soksi, akawahimiza wanaume waivae. Redio Tanzania, ambayo wakati huo ilikuwa redio pekee ya Bara, ilikataa kuupiga wimbo huo. Eti ni matusi. Basi ukatembea kwa kaseti, ukachezwa dansini, na watoto nao wakaujua. Sisi tunaona redio ilikosea. Watu walikuwa wanazikwa, na neno lenyewe lilikuwa limefunikwa vizuri: soksi ni soksi tu.

Miaka yake ya mwisho Remmy aliugua, akageukia nyimbo za Injili. Alifariki tarehe 13 Desemba, 2010. Ukifika Dar es Salaam na kupanda daladala ya Sinza, utamsikia kondakta akiita jina la kituo: "Kwa Remmy! Kwa Remmy wapo?" Alikuwa anakaa hapo.