Gari Linapokunywa Oili

Akina mama wengi tumezoea kusema, "Gari ni mambo ya baba." Nasi nyumbani kwetu tulisema hivyo, mpaka gari letu la mtumba lilipozimika njiani usiku, watoto wamelala kiti cha nyuma. Oili ilikuwa imekwisha na injini imenoki. Fedha za karo ya muhula zikaenda kwa fundi.

Dalili zilikuwapo. Kila asubuhi ulitoka moshi wa bluu. Huo ni oili inayoungua: ringi za pistoni zimelika au zimeganda kwa masizi, au sili za valvu zimechoka. Chini ya gari hapakuwa na tone, kumbe oili ilikuwa ikipotea.

Wodini hatungoji mgonjwa azimie ndipo tumpime. Vivyo hivyo, mama, usingoje taa nyekundu ya oili. Taa hiyo huonya kwamba msukumo wa oili umeshuka. Ikiwaka, simama mahali salama na uzime injini mara moja.

Kila wiki egesha gari mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika 10. Chomoa kijiti cha kupimia, kipanguse, kirudishe, kisha ukichomoe tena na kukisoma. Oili iwe kati ya alama mbili. Ukiongeza, andika daftarini tarehe na kiasi, ili fundi ajue gari linakunywa kiasi gani.

Kwetu sasa ni kazi ya Jumamosi. Kifungua mimba ndiye mshika kitambaa, na baba huuliza, "Leo limekunywa?"