Jana Mtoto Alikula Nini?

Mdadisi wa utafiti wa afya wa Ofisi ya Taifa ya Takwimu akikuta mtoto wa miezi 6 hadi 23 katika kaya ya Ng'ambo, Tabora, humuuliza mama alichokula mtoto huyo jana, mchana na usiku. Majibu hugawanywa katika makundi 8 ya vyakula, maziwa ya mama yakiwa kundi mojawapo. Anayefikisha makundi 5 huhesabiwa kuwa amekula mlo mchanganyiko. Uji wa mahindi, ugali na matobolwa ya viazi vitamu ni kundi moja tu, hata kama mama amehangaikia sufuria tatu. Ongeza ziwa la mama, karanga na majani ya mlenda: yametimia manne, bado moja.

Wapo wanaolipinga swali hili wakisema siku moja haitoshi, kwani jana huenda kulikuwa na msiba au mtoto aliamka na homa. Kwa mtoto mmoja hoja hiyo haina jibu. Lakini utafiti unazungumzia maelfu ya watoto, na siku mbaya ya huyu hufidiwa na siku njema ya yule. Ukimuuliza mama habari za wiki nzima, atakutajia anachopika kwa kawaida, au anachodhani alipaswa kupika. Kinachonitia shaka zaidi ni msimu, maana msimu haufidiwi: Tabora yote huwa ndani yake kwa pamoja. Wadadisi wa utafiti wa 2015–16 walikuwa vijijini na mitaani kuanzia Agosti hadi Februari, maembe yalipoiva. Wale wa 2022 walipita kati ya Februari na Julai. Isitoshe, kanuni ya zamani ilidai makundi 4 kati ya 7, bila kuhesabu maziwa ya mama. Kanuni inaweza kusawazishwa kwa kukokotoa upya takwimu za awali. Embe ambalo halikuwa mtini haliwezi kukokotolewa. Ndiyo maana naamini zaidi kipimo cha kimo, ambacho hakipandi na kushuka kwa mavuno ya mwezi mmoja: udumavu nchini ulishuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015–16 hadi 30 mwaka 2022.

Kimo, hata hivyo, hakisemi kwa nini. Hapo ndipo maswali mengine ya utafiti, ambayo wengi huyaona ni upekuzi, yanapopata kazi: elimu ya mama, sakafu, paa, maji, redio, baiskeli, mifugo. Bila hayo tungeishia kuona kwamba watoto wanakosa mayai, kisha tukawahubiria mama zao. Kaya inaweza kufuga kuku na mtoto asionje yai, kwa sababu yai ni chumvi, ni sabuni, ni daftari la kaka yake. Kuku wa kaya na yai la jana vimeandikwa katika utafiti uleule. Vinasubiri tu anayevisoma pamoja.