Kikombe, Foleni na Kadi ya Kliniki

Mikumi ni mji wa wapita njia. Malori ya Zambia na mabasi ya nyanda za juu kusini hupita hapo mchana na usiku, na ndani ya mabasi hayo si ajabu kusikia muuza dawa akiisifu chupa moja inayotibu presha, kisukari na vidonda vya tumbo. Abiria wengi hutabasamu, safari ikaendelea. Hatari kubwa zaidi inamngoja mgonjwa nyumbani, pengine huko Kilosa, ambako ushauri wa kuacha dawa hutoka kwa mtu asiyekatalika. Kwa Wakaguru na Wasagara, ambao ukoo hufuata upande wa mama, neno la mjomba halipingwi kirahisi.

Mwaka 2011 taifa zima lilipewa somo la nguvu hiyo. Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri katika kijiji cha Samunge, Loliondo, alitangaza kwamba Mungu amemwotesha dawa ya mti wa mugariga. Kikombe kimoja kwa shilingi 500 kingeponya UKIMWI, kansa, kisukari na pumu. Foleni ya magari ilienea kilomita nyingi, na wako wagonjwa waliokufa wakiisubiri. Wengine walirudi wakiamini wamepona, wakaacha dawa za kufubaza virusi. Babu wa Loliondo, aliyefariki mwaka 2021, hakulazimika kumshawishi kila mtu. Viongozi wa serikali na wa dini walipoonekana wakinywa, foleni yenyewe ikawa hoja: je, watu wote hawa watakosea?

Wanaweza. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch wa Marekani aliwaonyesha watu mistari na kuwauliza upi unalingana na mwingine, huku wenzao, waliopangwa kwa siri, wakitaja jibu la uongo kwa pamoja. Karibu theluthi ya majibu yalifuata uongo huo, ingawa ukweli ulikuwa mbele ya macho. Alipowekwa mtu mmoja tu wa kusema kweli, waliofuata kundi walipungua sana. Ndiyo maana msaidizi wa tiba anayeandikwa kliniki si mpambe wa fomu.

Foleni ina mshirika wake, nao ni ushuhuda. Anayeacha ARV hujisikia vizuri kwa muda. Pengine hata kichefuchefu kimekwisha. Ni katika siku hizo ndipo husimama mbele ya watu na kusema amepona, naye hasemi uongo. Lakini virusi kwa kawaida huanza kuongezeka tena ndani ya wiki chache, bila kelele. Shinikizo la damu nalo hupanda pasipo maumivu hadi siku ya kiharusi. Swali la kumuuliza mtoa ushuhuda, basi, ni rahisi: kipimo kilisema nini, na kilipimwa lini?

Hapa wahudumu wa afya wana deni. Mgonjwa anayefokewa kwa kuuliza dawa hii ni ya nini hujifunza kuitikia “ndiyo, daktari” na kunyamaza. Mazoea hayohayo huondoka naye mlangoni, akamwitikia pia mjomba na mwenye kikombe. Muuguzi anayemwambia, “Niulize, na kama sijui nitakutafutia jibu,” anampa ruhusa ambayo wengine hawajawahi kumpa. Mgonjwa aliyeieleza dawa yake kwa maneno yake mwenyewe ana cha kujibu atakapobanwa.

Kukataa hakulazimu kuvunja heshima, na mgonjwa hana haja ya kushinda mjadala sebuleni. Anaweza kuendelea kumeza dawa zake huku akijibu kwa upole: “Shikamoo mjomba. Nimekusikia, na najua unanitakia mema. Tarehe yangu ya kliniki ni wiki ijayo. Twende wote, ukamwulize daktari mwenyewe.”