Kiboko si dawa ya mtoto aliyekosa

Jina la Kiboko, mji wetu mdogo ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa, humkumbusha mpita njia mambo mawili: yule mnyama wa mtoni na ule mjeledi wa ngozi yake. Kwa miaka mingi sheria ya Kenya iliruhusu mahakama kuamuru mvulana aliyekosa achapwe. Sheria ya Watoto ya 2001 ilikataza jambo hilo, na mwaka 2003 adhabu ya viboko ikafutwa katika Kanuni ya Adhabu.

Hata hivyo, mjeledi uliotoka vitabuni haujatoka vichwani. Kijana akinaswa na dumu la dizeli iliyonyonywa kwenye tangi la lori, umati huuliza amefanya nini na aadhibiwe vipi. Mimi naona kuna swali lipasalo kuyatangulia hayo: ni nini kilichomfikisha hapo, na anahitaji nini ili asirudie?

Tuchukue mfano wa wavulana wawili wa miaka 15, walionaswa usiku mmoja kwa kosa moja. Wa kwanza yumo shuleni, analelewa na nyanya yake, na hajawahi kukosa, alifuata wenzake. Wa pili aliacha masomo mwaka ambao mvua ilikataa, hulala vibandani, hutafuna miraa, na watu wazima humtuma wizini kwa ujira wa sahani ya chakula. Hati ya mashtaka itawaandika sawa, ilhali mmoja anahitaji kuonywa na kurudishwa kwa nyanya yake, na mwingine anahitaji makao, shule na kutenganishwa na wanaomtuma.

Mwaka 1990 wataalamu Andrews, Bonta na Hoge wa Kanada walieleza kanuni iliyo wazi: nguvu ya usaidizi ilingane na ukubwa wa hatari, ielekezwe kwenye mahitaji yanayozaa uhalifu, na itolewe kwa namna ambayo mhusika ataweza kuipokea. Tafiti zimeonyesha pia kwamba kijana mwenye hatari ndogo, akifungiwa pamoja na waliobobea, huweza kutoka akiwa mbaya zaidi.

Sheria ya Watoto ya 2022 imefungua njia. Imepandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na mtoto wa chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hajui kutofautisha jema na baya mpaka ithibitishwe vingine. Imeweka pia utaratibu wa kumwepusha mtoto na kesi. Lipo na jukumu la afisa wa probesheni kumwandalia hakimu ripoti ya hali ya mtoto. Kule Getathuru, Nairobi, wavulana hupimwa kabla ya kupelekwa shule za kurekebisha tabia kama Kabete na Wamumu. Kipimo hicho ni chema, ila huja mtoto akiwa amekwisha kutengwa na kwao. Kile cha mapema, kabla ya hakimu wa Makindu kutoa amri, ndicho kinachoamua mengi.

Nina tahadhari moja. Uhitaji si hatia. Ikiwa umaskini wa mama utahesabiwa kuwa sababu ya kumfungia mwanawe muda mrefu kuliko mtoto wa tajiri, basi tutakuwa tumebadilisha mjeledi kwa kalamu, na maumivu ni yale yale.

Najua dereva aliyekatwa mshahara kwa dizeli iliyoibwa ataniuliza: na mimi je? Ana haki ya kulipwa na ya kuombwa radhi. Lakini kijana asiyetibiwa kiini cha kosa lake atarudi kwenye tangi lile lile.

Nasi majirani tuna sehemu yetu. Afisa akija kuuliza habari za kijana, hutegemea vinywa vya chifu, mwalimu na mama muuza machungwa. Tukimjibu kwamba huyo ni mwizi tangu tumboni, neno hilo litaingia katika faili na kumfuata. Tumwambie tunayoyajua: nani anamlisha, nani anamtuma, aliacha shule lini na kwa nini. Ukweli huo ndio utakaomwonyesha hakimu pa kumpeleka.