Lango na Njia: Maelezo juu ya Kuunganisha Mitandao ya Tarakilishi na Istilahi Zake

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi malango yaunganishayo mitandao ya tarakilishi yalivyopewa uwezo wa kuchagua njia, na kuonyesha kwa nini jambo hilo lawahusu waundaji wa istilahi za Kiswahili. Katika matumizi ya sasa, maneno "lango", "ruta" na "kipanga njia" husikika kana kwamba ni visawe. Tunadai kwamba lango na kipanga njia si kitu kimoja, na kwamba kuyachanganya humficha mwanafunzi kiini cha elimu yenyewe.

Tuanze na lango. Mtandao wa eneo dogo, kama ule wa jengo moja la chuo, huziwezesha tarakilishi zake kupelekeana pakiti za data moja kwa moja. Lakini mitandao miwili ya namna mbalimbali, mathalani wa Ethernet na wa Token Ring, haielewani, kwani pakiti zake hutofautiana kwa umbo na kwa ukubwa. Mwaka 1974 Vinton Cerf na Robert Kahn walipendekeza kwamba mpakani pawe na lango, nalo liivue pakiti vazi la mtandao wa kwanza na kuivika lile la mtandao wa pili, huku anwani ya mwisho wa safari ikibaki vile vile.

Lango lililo kati ya mitandao miwili tu halina la kuchagua: kilichotoka huku hupelekwa kule. Mambo hubadilika mitandao na malango yakiwa mengi, kwani hapo lango halina budi kujua pakiti ipokezwe jirani yupi. Njia nyepesi ni mhandisi kuandika jedwali kwa mkono. Jedwali hilo hufaa maadamu hapana kinachobadilika. Waya ukikatika, lango huendelea kupeleka pakiti zisikofika.

Dawa yake ni kuyafanya malango yazungumze. Itifaki ya RIP, iliyoandikwa rasmi mwaka 1988, huliagiza kila lango liwatangazie jirani zake, kila baada ya sekunde 30, mitandao linayoijua na umbali wa kila mmoja. Jirani huongeza moja, hulinganisha na habari alizo nazo, kisha hushika njia iliyo fupi. Hii ni elimu ya kuambiwa, nayo ina hatari yake. Tuseme lango A limeungana na mtandao Z kwa umbali wa 1, na lango B hupitia A kwa umbali wa 2. Kiungo cha Z kikikatika, na B likawahi kutangaza kabla ya A, basi A litaamini kwamba B lina njia nyingine, nalo litaandika 3. B likisikia litaandika 4. Na hivyo hivyo mpaka 16, hesabu ambayo katika RIP ina maana kwamba mtandao huo haufikiki. Kila moja limerudishiwa habari iliyotoka kwake lenyewe. Ndiyo sababu ikawekwa kanuni kwamba lango lisimtangazie jirani njia lililoipata kwa jirani huyo huyo.

Namna ya pili huacha uvumi na kushika ushahidi. Kila lango hutangaza lile tu linaloliona lenyewe, yaani jirani zake na hali ya viungo vyake, na tangazo hilo hufikishwa kwa malango yote bila kubadilishwa. Kisha kila moja huchora ramani nzima na kukokotoa njia fupi kwa kanuni aliyoichapisha Edsger Dijkstra mwaka 1959. ARPANET, mtandao wa utafiti wa Marekani, ulihamia mfumo wa aina hii mwaka 1979. Itifaki ya OSPF, yenye msingi huo huo, ilichapishwa mwaka 1989.

Yafuata kwamba njia haimo ndani ya anwani. John Shoch alisisitiza mwaka 1978 kwamba jina, anwani na njia ni mambo matatu mbalimbali. Mfano wa kwetu ni dhahiri. Kabla ya kuwapo KIXP, kituo cha kubadilishana data jijini Nairobi, data kati ya wateja wa kampuni mbili za intaneti za jiji hilo hilo ilizunguka ng'ambo ndipo ikarudi. Kituo kilifunguliwa mwaka 2000, kikafungwa upesi kwa amri ya Tume ya Mawasiliano, kikafunguliwa tena mwaka 2002. Mahali pa wateja hapakuhama. Kilichobadilika ni njia, na iliyoamua si hesabu ya umbali peke yake, bali pia sheria na mapatano.

Kiingereza chenyewe kilibadili neno. Waraka rasmi wa mwaka 1987 juu ya masharti ya vyombo hivi uliviita malango. Ule wa mwaka 1995 uliviita kwa jina la kazi yao ya kuchagua njia. Kwa hiyo twapendekeza "lango" libaki kwa mahali pa mpakani, na "kipanga njia" kwa chombo chenye kuamua. Kweli, kitenzi "panga" chaweza kupotosha, kwani chombo hiki hakiiandalii pakiti safari nzima, bali huchagua jirani wa hatua inayofuata tu. "Kichagua njia" lingekuwa sahihi zaidi. Lakini istilahi iliyokwisha kuenea si rahisi kung'olewa. Yatosha ifafanuliwe vyema katika kamusi, na mwalimu asiiache bila maelezo.